Chapa, Pindo na Mji: Leso kama Somo la Msamiati

Katika masomo ya fasihi, leso huchambuliwa zaidi kwa jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa ufundi wa kuitia nakshi nao ni hazina ya lugha.

Leso haikuzaliwa Bonde la Ufa. Ni vazi la pwani, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nakuru mwaka 1900 iliifungulia bara njia ya bidhaa za pwani. Neno lenyewe limetoka katika Kireno, likiwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani wa karne ya 19 walivishona vitambaa hivyo pamoja wakapata vazi. Baadaye mafundi walitia nakshi vitambaa kwa vipande vya mti.

Katika ufundi huo, mchoro huchongwa juu ya mti mgumu hadi ubaki umeinuka. Hupakwa rangi, hukandamizwa juu ya kitambaa kilichotandazwa, kisha fundi husogeza mkono na kurudia, akichunga kingo zikutane. Kila rangi huhitaji kipande chake. Penye maandishi, herufi huchongwa kinyume ili zisomeke sawasawa.

Alama iachwayo na mti huo ndiyo chapa, nomino yenye asili ya Kihindi. Kwayo tumepata kupiga chapa, kuchapisha, mchapishaji na chapisho. Kitabu na kitambaa, basi, vinachangia mzizi mmoja. Aidha, leso ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, lililoandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu kisha ya Kirumi. Vipande viwili huitwa doti.

Hata hivyo, mashine zimechukua nafasi ya mkono, na istilahi za fundi hupotea pamoja na kazi yake. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret. Ni dhahiri kuwa nguo si jambo geni kwa vyuo vya eneo letu. Inafaa wanafunzi wa Njoro na Nakuru waanzie karibu: wawaulize wauza leso, mafundi cherehani na wazee waliotoka pwani majina ya vifaa, rangi na kasoro za kitambaa, wayaandike pamoja na matumizi yake. Kamusi haiwezi kuhifadhi neno ambalo hakuna aliyeliuliza.