BABA, USINGOJE MPAKA UBEBWE



Mwezi huu tunasema na akina baba. Ukipita kwenye zahanati zetu, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, utakuta benchi limejaa akina mama na watoto. Akina baba ni wachache. Je, wao hawaugui? Wanaugua sana. Lakini mama ana siku yake ya kliniki, akiwa mjamzito na baadaye mtoto akipimwa uzito, kwa hiyo muuguzi humwona mara kwa mara. Baba hana siku ya namna hiyo. Husema, "Hiki ni kikohozi cha vumbi tu," akanunua vidonge viwili dukani na kurudi shambani. Mwingine huona haya kueleza habari za mkojo mbele ya muuguzi kijana. Mwingine anaogopa kuambiwa apime UKIMWI.

Tuchukue mfano wa kifua kikuu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023, katika kila watu 100 waliougua kifua kikuu, 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake na 12 watoto. Vijidudu vyake husafiri hewani mgonjwa anapokohoa. Baba anayekohoa miezi mitatu katika nyumba isiyopitisha hewa anawahatarisha mke na watoto, hasa wale wadogo. Kumbe ugonjwa huu unatibika, na dawa hutolewa bure. Kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Usiache katikati kwa sababu umepata nafuu, maana vijidudu vitazoea dawa.

Na haya je? Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani. Jambo hilo halikufichwa. Taifa zima lilitangaziwa. Ikiwa Rais hakuona haya, sisi tunaona haya ya nini?

Baba, nenda upimwe ukiona haya:

1. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda. Omba upimwe makohozi.
2. Mkojo kutoka kwa shida, kuamka mara nyingi usiku kukojoa, au damu katika mkojo. Si lazima iwe saratani, lakini daktari ndiye ajuaye.
3. Homa yoyote. Pima malaria siku hiyo hiyo.

Anzia zahanati ya karibu. Ikibidi, watakupeleka hospitali ya wilaya au Kabanga.

Wengine husema, "Mimi nasali tu." Someni Yoshua bin Sira, sura ya 38: mgonjwa anashauriwa asali, na pia ampe tabibu nafasi yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wanaobaki na madeni ni mjane na yatima.

Maswali kwa Jumuiya Ndogondogo:

(a) Ni nini hasa kinachowazuia akina baba wa jumuiya yetu kwenda zahanati?
(b) UWAKA na WAWATA wafanye nini ili baba anayekohoa asiende peke yake?