Mtoto Asizikwe Mara Mbili

Katika hospitali ya Bugando, juu ya kilima mjini Mwanza, hulazwa watoto wenye kansa kutoka kandokando ya Ziwa. Miongoni mwao wamo wenye uvimbe wa taya, ule ulioelezwa na daktari Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958. Wengi waweza kupona wakiletwa mapema. Wengine Mungu huwaita.

Hapo ndipo twaona kosa. Katika nyumba nyingine, mtoto akiisha kuzikwa, nguo zake hufichwa, jina lake halitajwi, na wadogo zake wakiuliza huambiwa amesafiri. Twadhani tunaufupisha msiba. Kumbe twamzika mara ya pili, nao wadogo hubaki wakimngoja msafiri asiyerudi.

Huko Uganda, akina mama wenye virusi vya UKIMWI wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ili wajue asili yao. Tujifunze kwao. Mgonjwa angali hai, naye akipenda, apakwe wino kiganjani, akiweke juu ya karatasi. Yaandikwe maneno yake, na wimbo aupendao, na habari za samaki aliyemvua pamoja na babu yake. Asilazimishwe, akichoka, apumzike.

Kisha kila tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, karatasi ile itolewe sandukuni, jina litajwe mbele ya wote, sala isemwe. Machozi yakija, na yaje. Mama aliyemzaa ana haki ya kulisikia jina la mwanawe vinywani mwa jamaa.