Taa Inawaka, Jiko Bado Linafuka

Leo somo letu tunalifanyia jikoni. Na wewe kaka unayesema jikoni si mahali pako, usifunue ukurasa, linakuhusu pia.

Tazama nyumba nyingi za Bariadi mjini. Sebuleni taa inawaka, televisheni inaongea, simu tatu zinachajiwa. Zunguka nyuma sasa. Utamkuta mama ameinama kwenye mafiga anachochea kuni, au dada anapepea jiko la mkaa, na kuta zimekuwa nyeusi tii kwa masizi. Umeme umefika nyumbani lakini jikoni haujafika.

Huenda umesikia kwamba Ulaya na Marekani watu wanabadilisha majengo yao yatumie umeme ili kupunguza hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Kwao kuna baridi kali, na nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi au mafuta yanayochomwa ndani ya jengo lenyewe. Sisi Simiyu nani anapasha nyumba joto? Mwezi wa Julai alfajiri unaongeza shuka, basi. Moto wa majengo yetu ni wa kupikia: nyumbani, shuleni, kwa mama lishe. Kwa hiyo sisi tunaanzia kwenye sufuria.

Utaniuliza, si mti mwingine utaota na kuinyonya hewa ile? Ungeota, sawa. Lakini Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, na wazee wanajua Shinyanga ile ilivyobaki kipara. Mwaka 1986 ilibidi uanzishwe mradi wa HASHI wa kuhifadhi udongo na kufufua ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Miti ilirudi sehemu nyingi kwa jasho, na mkaa unaweza kuimaliza tena upesi. Tena katika tanuri la mkaa sehemu kubwa ya nguvu ya kuni hupotea kabla gunia halijafungwa.

Sasa tuje kwenye mapafu yako. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Huchangia nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapika anavuta moshi uleule.

Na mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi? Huo ndio unaodanganya watu. Unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao huenda usiamke. Kamwe usilale na jiko la mkaa chumbani, hata mvua ikinyesha. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa haraka, kisha mkimbize hospitali.

"Lakini umeme ni ghali!" Kila ninapofundisha nasikia hivyo. Hebu tupige hesabu. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima linakula uniti 1. Ila jiko la presha la umeme haliwaki muda wote: limefunikwa, linatunza joto, na likishapata moto wa kutosha linajikata lenyewe. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa kama nusu uniti, mara nyingi pungufu. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, uniti ya mteja wa kawaida wa nyumbani ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Basi maharage yako hayafiki shilingi 200. Mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo mnanunua kopo ngapi?

Angalizo: kama nyumba yenu iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja, lakini zinazozidi hapo zinapanda hadi 350. Kwa mwezi wa siku 30, hizo 75 ni uniti mbili na nusu kwa siku.

Na huo umeme wenyewe ni safi? Si wote, kwani mwingine unatokana na gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Lakini bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na hiyo ni nguvu ya maji.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Wengi wanakimbilia gesi ya mtungi. Siipingi, mapafu yatashukuru. Lakini hiyo nayo inachomwa ndani ya nyumba, na inaletwa kwa meli kutoka nje.

Sitakuficha, ugali wa kusonga kwenye jiko la presha ni shida. Liachie choroko, makande na michembe, vile vinavyokula mkaa. Umeme nao hukatika, hivyo jiko la zamani msilitupe. Na usichomeke jiko kwenye ekstensheni nyembamba inayopata moto. Mwite fundi aweke soketi ya ukutani yenye waya mnene na waya wa ardhini.

Bei ya jiko lenyewe ndiyo kikwazo. Pesa za pamba zikiingia, nyumba nyingi huwaza bati, simenti, pikipiki. Jiko la mama halimo kwenye orodha. Wewe liweke, lakini nenda na hesabu mkononi. Wiki nzima andika kwenye daftari kila shilingi ya mkaa. Kisha azima jiko kwa jirani au shangazi mwenye nalo, soma mita ya LUKU kabla ya kuinjika choroko, zima vingine vyote, soma tena zikiiva. Zidisha tofauti kwa bei iliyo kwenye risiti yenu, halafu mwonyeshe baba daftari akiwa ameshakula na ameshiba.