KIKOHOZI CHA ALFAJIRI SI BARIDI TU



Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapoishika Mbeya na Iringa, katika Sala ya Alfajiri husikika kikohozi kutoka safu ya mbele. Ni wazee wetu. Tukiwauliza hujibu, "Ni baridi hii, wajukuu," nasi hunyamaza kwa adabu. Lakini baridi huondoka, na kikohozi cha mzee aliyevuta sigara miaka thelathini hubaki, Ramadhani hadi Ramadhani.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, zaidi ya milioni 300. Moshi wa tumbaku huvimbisha njia za kupelekea hewa huko, huzijaza makohozi na kubomoa kuta za vifuko. Hewa huingia, kutoka ni taabu. Mgonjwa huanza kwa kukohoa asubuhi tu, kisha hutoa makohozi kila siku, kifua hulia kama filimbi, na mwishowe akiinuka kutoka sijida huwa anahema. Watu husema ni uzee.

Sigara haiko peke yake. Mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha anaweza kupata maradhi hayo hayo bila kuvuta hata siku moja. (Na tumbaku yenyewe hulimwa kwetu, Chunya na Iringa, wapo miongoni mwetu waliolipiwa ada kwa fedha yake. Hilo tulikiri.)

Kinachotutia hofu zaidi ni kifua kikuu, ambacho mvutaji hukipata kwa wepesi kuliko asiyevuta. Anayekohoa wiki mbili au zaidi, hasa akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, apelekwe akapimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Asipokutwa nacho, msirudi nyumbani mkishangilia; hapo ndipo wengi hukosea. Mwelezeni daktari amevuta miaka mingapi na sigara ngapi kwa siku, na mumuulize kuhusu picha ya kifua na kipimo cha kupuliza kiitwacho spairometa.

Vifuko vilivyobomoka havirudi, ila anayeacha hupunguza kasi ya uharibifu. Huko Uingereza, Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume tangu 1951. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa 2004, yalionyesha kuwa wavutaji walikufa kiasi cha miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3. Kwa hiyo babu hajachelewa. Isitoshe, katika saumu huiacha sigara tangu alfajiri hadi magharibi, mwezi mzima.

Mjukuu asimkaripie. Amchemshie maji ya kutawadhia, amngoje amalize nyiradi zake, kisha amwombe wafuatane kituoni asubuhi hiyo hiyo.