Kijiko Kirudi Mkononi Mwako

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa Tanzania, na sukari ikaadimika. Dukani kwa Mangi, mtaani kwetu, robo kilo ilipimwa kwa macho makali kama dhahabu. Nyumbani tulikaa siku nne bila hata punje. Watoto walinung'unika siku moja wakasahau. Mimi mtu mzima ndiye niliyezunguka na kichwa kinaniuma, namtafuta wa kumlaumu.

Siku ya tatu, nikiwa na kikombe cha chai ya rangi isiyo na kitu, jambo moja likanijia: sikukumbuka mara ya mwisho mimi mwenyewe kuamua chai yangu iwe na vijiko vingapi. Nyumbani ilikuja imeshakolea kwenye chupa. Kazini ilikuja imeshakolea. Kwenye msiba, kwenye harusi, kwa mama ntilie, kote ilikuja imeshakolea. Miaka yote hiyo nilijiita mpenda sukari, kumbe nilikuwa mpokea sukari tu.

Kwa hiyo vidokezo hivi havikuambii uchukie utamu. Vinakusaidia kukirudisha kijiko mkononi mwako, ili sukari utakayokula iwe ile uliyoamua kuila.

1. Hesabu kilo, usihesabu vijiko

Ukimuuliza mtu anakula vijiko vingapi kwa siku, atakutajia vile anavyovikumbuka. Mfuko wa sukari haubembelezi mtu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima na ndani ya maziwa haimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa piga hesabu ya nyumba yako. Watu wazima watano, gramu 25 kila mmoja, siku 30: inakuja kilo tatu na robo tatu kwa mwezi. Mkimaliza kilo nane, kila mmoja anakula zaidi ya gramu 50 kwa siku, na hapo soda, biskuti na keki hazijahesabiwa. Andika tarehe kwenye mfuko siku unapoufungua. Mwisho wa mwezi utajua mlipo, bila ya kubishana na mtu.

2. Sukari itoke kwenye sufuria

Ukichukua kidokezo kimoja tu, chukua hiki. Nyumba nyingi chai huchemshwa na sukari yake, ikamiminwa kwenye chupa, na kila mmoja akanywa kipimo cha yule apendaye utamu mkali kuliko wote. Bibi, mjukuu na mgeni wote wanakunywa chai ya mtu mmoja.

Chemsha chai bila sukari. Bakuli la sukari likae mezani, na kijiko chake kidogo. Hujamkataza mtu, hujahubiri, ila kila anayetaka sukari itabidi anyooshe mkono. Wengine wataweka vijiko vitatu kama zamani. Lakini wengine watashangaa kwamba walikuwa wanahitaji kimoja.

Uji nao uwe hivyohivyo. Upike mtupu, kila mtu amalizie kwenye kikombe chake.

3. Shuka ngazi, usiruke

Wapo wanaoacha siku moja wakafaulu. Wengi wetu tukiacha siku moja, tunarudi siku ya tano kwa hasira. Afadhali upunguze nusu kijiko kila wiki. Aliyezoea vijiko vitatu atafika kimoja ndani ya wiki nne, na ulimi utakuwa umemfuata polepole bila kugombana naye. Ulimi hujifunza: baada ya wiki kadhaa chai uliyoinywa zamani utaiona kama sharubati.

Angalia pia kijiko chenyewe. Kilichojaa mpaka kikaweka kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Mtu anayekuambia "mimi naweka viwili tu" huenda anaweka vinne.

4. Viungo vifanye kazi yake

Sukari nyingi kwenye chai huwa inaficha chai mbovu. Majani yakiwa machache na maji mengi, kinachobaki kuleta ladha ni utamu. Ponda tangawizi mbichi, tia iliki mbili tatu na kijiti cha mdalasini, uache ichemke hadi harufu ifike sebuleni. Mchaichai unatosha wenyewe, hasa jioni. Chai ya maziwa nayo ina utamu wake mdogo, kwa sababu maziwa yana sukari yake ya asili. Ichemshe vizuri utauona.

Kwenye uji wa ulezi, ponda ndizi mbivu moja ukoroge humo, au malizia kwa maziwa au tui la nazi. Mtoto aliyeonjeshwa uji wa namna hiyo tangu mwanzo hadai sukari, kwa sababu hajui kama ilipaswa kuwapo.

5. Soda irudi kwenye sherehe

Zamani soda ilikuwa na siku zake: Idi, Krismasi, ubarikio, mgeni aliyetoka mbali. Sasa imekuwa maji ya kushushia wali wa mchana. Soda ya kola ya kawaida ina karibu gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina kama vijiko tisa. Ile ya plastiki ya nusu lita inafika kumi na vitatu. Hebu chukua glasi ya maji, utie vijiko kumi na vitatu mbele ya watoto, uwaulize nani atakunywa.

Soda ina tatizo jingine: haishibishi. Ukila viazi vya nishati hiyohiyo utasikia umekula. Ukinywa soda, bado sahani ya wali unaimaliza yote.

Weka jagi la maji ya baridi lenye vipande vya ndimu na majani ya mnanaa. Ukiwa Pwani na dafu likapita, simamisha baiskeli. Lina utamu wake, lakini mdogo kuliko wa soda.

6. Tunda litafunwe, lisinywewe

Hapa wengi hunibishia. "Juisi si ni matunda?" Ni matunda yaliyopoteza nyuzinyuzi zake. Glasi moja ya juisi ya machungwa hula machungwa matatu au manne, na unaimaliza kwa dakika moja. Jaribu kuyamenya na kuyala hayo manne kwa mkupuo. La pili tu utapumzika. Nyuzinyuzi ndizo zinazoifanya sukari iingie mwilini taratibu, na ndizo zinazokuambia umeshiba.

Juisi ya kibandani mara nyingi huongezwa sukari juu ya ile ya tunda. Sema mapema, kabla mashine haijaanza kunguruma: "Yangu usitie sukari." Na juisi ya miwa, tamu kama ilivyo na ndimu na tangawizi yake, tukubaliane tu kwamba ni sukari ambayo haijafika kiwandani.

7. Badili kitafunio

Chai yenye sukari haiendi peke yake. Huongozana na andazi lenye sukari, keki, au biskuti za kuchovya. Hata ukipunguza kikombeni, sukari inapitia mlango wa uani. Mihogo ya kuchemsha, magimbi, viazi vitamu, yai, au maharage ya jana kwa chapati: hivi vyote vilikuwa kifungua kinywa kabla keki ya pakiti haijaja. Karanga za kukaanga ukiziweka mkobani zitakuvusha saa kumi jioni, ile saa ambayo mguu unaelekea dukani wenyewe.

Ukiona hamu ya kitu kitamu inakubana kila siku saa ileile, chunguza ulichokula mchana. Mara nyingi ni njaa imevaa nguo ya hamu.

8. Pakiti isome mgongoni

Mbele ya pakiti kuna picha ya embe na mtoto anayecheka. Mgongoni ndiko kuna ukweli. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikiwa cha kwanza. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, umenunua sukari yenye vitu vingine. Tafuta pia majina yake mengine: sukrosi, glukosi, fruktosi, na sharubati za kila aina.

Kisha angalia gramu za sukari, ugawe kwa nne. Jibu ni vijiko vya chai. Fanya hivyo kwenye mtindi wenye ladha ya stroberi, kwenye nafaka za watoto za asubuhi, na kwenye sosi ya nyanya ambayo hukudhani ina habari na sukari. Ila kwenye mtindi kumbuka kwamba sehemu ya gramu hizo ni ya maziwa yenyewe. Nunua usio na ladha, ukate embe lako utie humo.

9. Usidanganywe na ndugu zake

Asali ni nzuri, ina harufu ya msitu, na bado ni sukari. Sukari guru ni sukari. Sukari ya kahawia ni sukari iliyobakiwa na rangi kidogo. Ukihama kutoka nyeupe kwenda asali halafu ukamwaga mara mbili, umehama chumba, nyumba ni ileile.

Vipo pia vile vidonge na unga wa utamu usio na sukari. Mwaka 2023 WHO ilishauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito. Kwangu mimi tatizo lake ni jepesi kulieleza: vinaufanya ulimi uendelee kudai utamu uleule, wakati shabaha ilikuwa kuufundisha kudai mdogo.

10. Anayetumia dawa za kisukari aanzie kwa daktari

Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usibadili mlo ghafla kwa sababu umesoma makala. Dawa yako ilipimwa kwa ule mlo wa zamani, na ukikata wanga na sukari kwa pamoja, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Ongea na daktari wako kwanza.

Na nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo isikose sukari kabatini. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, na bado ana fahamu na anaweza kumeza, vijiko vitatu au vinne vilivyokorogwa kwenye maji ni huduma ya kwanza. Hapo sukari ni dawa. Baada ya hapo apelekwe apimwe.

11. Jiandae na ukarimu

Sukari ngumu kuliko zote ni ile unayopewa kwa mapenzi. Ramadhani inakuja na kaimati zilizolowa shira, vibibi, na jagi la juisi kwa kila jirani. Usizikimbie. Futuru kwa tende na maji, kula chakula chenye chumvi, halafu kaimati mbili ule umetulia, uzisikie. Unapopeleka sahani kwa jirani, peleka matunda yaliyokatwa, utashangaa yatakavyopokewa.

Kisha kuna shangazi. Wangu anakaa Tanga, na chai yake ukiimwaga sakafuni, sisimizi watafika kabla ya kitambaa. Nilipomwomba isiyo na sukari, akaweka chupa chini.

"Mwanangu, umepimwa?"

"Hapana shangazi, mzima kabisa. Napunguza tu."

"Pole. Imeanza lini?"

Nilimwapia mara tatu kwamba sina kisukari. Hakuamini. Jioni ile majirani wawili walikuja kunipa pole, mmoja na majani ya dawa.

Nilichojifunza: usikatae kitu, omba kitu. Ukisema "sitaki sukari," umeirudisha zawadi. Ukisema "shangazi, nimeitamani ile chai yako ya tangawizi, leo nataka niisikie tangawizi peke yake," umemsifu, na mkono wake unakwenda kwenye kinu. Na utangulie kusema kabla moto haujawashwa, maana chai ikishakolea hakuna wa kuitoa sukari.

Safari iliyofuata nilikuta chupa mbili mezani, moja imefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. "Ya uzi ndiyo yenu," akasema, "ninyi msiopimwa." Tulikuwa wageni saba. Kabla ya saa tano chupa ya uzi ilikuwa imekauka, na shangazi akawa amesimama mlangoni anaitikisa.

"Hii ndiyo inayoisha upesi siku hizi," akasema. "Sijui mmepatwa na nini." Akarudi jikoni kuchemsha nyingine.