Kuchora umbo la lukasa kwenye GIMP

SWALI: Ninachapa fulana na mabango hapa Kamina. Mteja anataka lukasa kifuani, lakini GIMP inanipa miraba na duara tu. Na kivuli nikiweka, shanga za lukasa zinaonekana kama zimebandikwa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, umbo hilo utalichora mwenyewe. Bonyeza herufi B upate kifaa cha njia. Bofya nukta ya kwanza juu katikati, kisha kila unapoweka nukta nyingine, shikilia na uvute ili mstari upinde. Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba, mpana juu na chini, uliobanwa kiunoni. Nukta tano au sita kwa upande zinatosha. Chora nusu moja tu, igeuze njia kuwa eneo lililochaguliwa, jaza rangi, nakili safu, igeuze kama kwenye kioo, uziunganishe.

Shanga ziweke kwenye safu yake. Kosa lako, nadhani, ni kivuli kikubwa mno, au mwanga unaotoka pande tofauti. Chagua upande mmoja kwa shanga zote, kivuli kiwe kifupi na hafifu. Tangu GIMP 3.0, ya Machi 2025, kivuli hubaki kikirekebishika hata baada ya kukiweka.

Neno moja zaidi, nalo nalijali sana: shanga za lukasa si mapambo. Wanachama wa Mbudye, chama cha watunza historia, walizigusa kwa kidole wakisimulia historia ya ufalme wa Waluba. Usizitawanye ovyo, tafuta picha ya lukasa halisi, ufuate mpangilio wake.