Safari ya Parke ya Upemba

Watoto, leo tunasafiri kwa kitabu. Tunatoka Kasaji, tunafuata reli upande wa mashariki. Tunapita Kolwezi, tunavuka mto Lualaba, tunafika Tenke. Pale reli inagawanyika: moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Bukama. Sisi tufuate ile ya Bukama, upande wa kaskazini.

Mto tuliouvuka unashuka vilevile upande ule, mpaka penye maziwa mengi. Huko iko parke ya Upemba. Parke ni nini? Ni inchi iliyotengwa kwa sheria, watu wasiwinde humo. Wamarekani walitenga Yellowstone mwaka 1872. Kwetu Kongo parke ya kwanza ilitengwa mwaka 1925, na Upemba mwaka 1939.

Juu ya milima ya Kibara, penye majani mazuri, wanakaa punda milia. Katika Kongo nzima, punda milia wa pori wamebaki Upemba tu. Wengine waliuawa na wawindaji kwa ajili ya nyama. Walinzi wanawachunga wale waliobaki, na walinzi wengine wameuawa katika kazi hiyo.

Fedha inanunua nyama sokoni, lakini haiwezi kumrudisha mnyama wa mwisho akiisha kufa. Tuwachunge, ili watoto wenu wawaone kwa macho, wasiwaone kwa picha tu.

Maulizo
1. Toka Kasaji mpaka Tenke tunavuka mto gani?
2. Parke ni nini?
3. Kwa nini punda milia wamebaki Upemba tu?